Vitambaa vya Bonareri

Kambi ya Tano, Kericho
Jumapili, 4 Februari 2024

Kwako mwanangu Ogari,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini wewe na Dorine mko wazima na tumbo lake linaendelea vizuri. Mimi ni mzima isipokuwa haya magoti, ambayo yameamua kustaafu kabla yangu. Nimeyaambia yangoje Desemba tutoke kazini pamoja. Mvua imekataa, majani ni machache, tunazunguka shambani na vikapu vyepesi mpaka aibu. Mwambie Dorine asipandishe ndoo za maji kwa hizo ngazi zenu, wewe upo na mikono unayo. Na nimesikia mnatafuta majina ya mtoto. Langu msiliguse. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyeondoka, na mimi bado nakula ugali.

Tena usinipigie simu. Umenipigia mara nne na nimesikia tu mtu akikoroma ndani ya debe. Ile mashine ya kukata majani kiwandani ilikula masikio yangu miaka kumi na tisa, na hairudishi. Mamako alipokufa nilikufundisha kuandika kwa mkaa kwenye sakafu ya nyumba hii. Basi andika.

Sasa yale mambo. Wageni wako wa kamera walifika salama? Yule mama Mzungu alinishika mikono, akaiangalia weee, akalia. Mimi nikabaki kumshangaa, maana mikono ni yangu na sikuwa nalia. Nilifanya ulivyoniambia, sikuwapeleka kwangu, kwa sababu nyumba yangu inatazamana na kibanda cha soja. Niliwapeleka kwa Bonareri, kule mwisho kwenye mikaratusi, ambako saa za kazi hapiti mtu.

Bonareri amerudi juzi kutoka matanga ya kaka yake Nyamira. Ameniuliza ni nani alisogeza viti vyake. Nimemwambia nilikuwa nafagia.

Ogari, nilichosema mbele ya ile kamera sijawahi kumwambia hata mchungaji. Uliniapia kwamba uso wangu hautaonekana na jina langu halitasikika. Nijibu mambo mawili tu. Uso mmeuficha? Na hiyo filamu itaonyeshwa wapi?

Parseli za Nairobi hupokelewa mjini Kericho, na mimi hufika huko mwisho wa mwezi. Usichelewe.

Mama yako mdogo,
Elmina

Nairobi
Jumanne, 27 Februari 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Dorine ni mzima, anakula maembe mabichi na chumvi na kunilaumu kwa kila kitu, hata jua. Ngazi nimesikia, ndoo nabeba mimi. Mama yake, Chemutai, ametuletea maziwa lala kutoka Bomet, kibuyu kizima, na anakusalimu sana. Anasema ukistaafu uende ukae naye, muuze maziwa pamoja na kusengenya watu.

Wageni walifika salama. Mama Mdogo, natamani ungeona hii kazi. Filamu ni moja lakini ina watu wa nchi nne: wanaokata chumvi jangwani, wanaovunja meli kuukuu kwa mikono, wafugaji ambao baridi iliwaulia mifugo yote kwa wiki moja. Wa nne ni nyinyi. Na kati ya wote hao, aliyenyamazisha chumba ni wewe. Nilikuwa natafsiri maneno yako, nikafika pale unaposema Onchiri wa boila hakutoroka kazi, kwamba lile bomba la mvuke lilipasuka asubuhi na wewe ulikuwa na ufagio mkononi, ukaona wakimpandisha kwenye lori la kuni, wamemfunika magunia ya chai, gambuti moja mguuni na mguu mwingine mtupu. Na kwamba lori lilipinda kuelekea kwenye miti, si hospitali. Nilisimamisha kazi, nikaenda choo nikanawa uso. Miaka miwili mamake Onchiri anaambiwa na kampuni kwamba mwanawe ameonekana Mulot akilima ngano! Tulienda Mulot. Tuliuliza duka kwa duka, hakuna anayemjua.

Uso wako umefichwa kabisa. Umekuwa kivuli cheusi. Sauti wameifanya nzito, unasikika kama mzee mwenye homa. Na jina tumelikata. Ulianza kama uko kanisani, unakumbuka? "Bwana asifiwe, kwa majina naitwa Elmina, nimeokoka na nampenda Bwana." Mwongozaji alitabasamu, tukalitoa lote. Anayepanga picha aliniuliza kama vile vitambaa vya viti vilivyo nyuma yako vina shida. Nikamwambia vitambaa vya kufuma viko kila nyumba Kenya hii, hata kwa chifu.

Mpe Bonareri shukrani zangu kwa kukubali kutukaribisha.

Mwanao,
Ogari

Kambi ya Tano
Jumapili, 17 Machi 2024

Ogari,

Wazima. Mvua imekuja, na mvua ya mawe ikaja nayo, ikachapa majani ya upande wa bonde lote. Kanisani tumepata vinanda vipya. Salimu Chemutai, mwambie maziwa yake najua kuyanywa, kuyauza sijui.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali la pili, sijaliona. Umeniandikia habari za jangwa na meli. Mimi nilikuuliza itaonyeshwa wapi. Uliniambia ni ya ng'ambo, ya watu wa huko kwao. Sasa sema ndiyo au hapana kama mwanamume.

Nakuuliza kwa sababu Omariba amekuja kwangu. Unamjua, nyapara wetu, tena mzee wa kanisa, anayeongea polepole kama anayebembeleza mtoto. Alikuja Jumanne nikipika, akaketi, akanywa chai vikombe viwili. Akasema ofisi imesikia kuna watu waliingia kambini na kamera. Akasema, "Mama Elmina, wewe ni mtu mzima, umebakisha miezi tisa uende nyumbani kwa amani. Ukisikia kitu utaniambia, siyo?" Nikasema masikio yangu sasa ni ya kuomba-omba, sisikii vitu. Akacheka sana. Akitoka alisimama mlangoni akaangalia viti vyangu, kimoja kimoja. Nadhani alikuwa akitafuta alama ya wageni.

Tafadhali jibu.

Elmina

Nairobi
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumai afya ni njema. Dorine amevimba miguu lakini daktari anasema ni kawaida. Nimechelewa kwa sababu ya kazi nyingi. Hapana, huo ni uongo. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nikianza barua hii naichana.

Jibu ni ndiyo. Itaonyeshwa hapa. Kituo kimoja cha televisheni kimeinunua, na itatoka Jumamosi hii, tarehe nne Mei, saa kumi alasiri. Nilijua tangu Januari. Sikukuambia kwa sababu ungekataa kuongea, na mimi nilikuwa nimeshawaahidi kwamba nina mtu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa, Mama Mdogo. Nilitaka jina langu lionekane mwishoni pale. Nisamehe.

Lakini haki ya Mungu, hakuna atakayekujua. Nimeiangalia mara kumi. Wewe usiende tu kantini siku hiyo. Kaa nyumbani, useme tumbo linauma.

Kitu kingine. Hujaniambia Bonareri alisemaje alipokuachia nyumba.

Ogari

Kambi ya Tano
Jumapili, 12 Mei 2024

Ogari,

Barua yako ya kuniambia nisiende kantini nimeipata Jumatano tarehe nane, baada ya kuomba ruhusa ya kwenda kliniki mjini. Jumamosi tarehe nne nilikuwa kantini, kiti cha mbele.

Tulikuwa tunangoja mpira. Chama chetu chote cha wanawake kilikuwepo, tunafuma huku tunangoja, na Bonareri kando yangu. Ikaanza filamu, watu wakafurahi kuona chai, wakapiga makofi wakisema ni kwetu, ni kwetu! Halafu nikatokea. Kweli hata mimi sikujijua. Kivuli tu, na ile sauti ya mzee. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, mtoto wa dada yangu hakunidanganya.

Halafu Nelvine, mweka hazina wetu, akaruka juu kwa furaha, akapiga kelele, "Woi! Si huyo ni jogoo wa Bonareri!"

Mwanangu, wewe ni mwanamume na hujui kuangalia kiti. Vitambaa viko kila nyumba, ndiyo, lakini hakuna wanawake wawili wenye mtindo mmoja. Mimi nafuma mananasi. Nelvine anafuma mawaridi. Bonareri anafuma jogoo, na jogoo wake ana mikia miwili, kwa sababu alikosea kuhesabu vifundo mwaka ule wa kwanza, akakataa kufumua, akasema basi hawa ndio jogoo wa kwake. Tumemcheka miaka saba. Hayupo jogoo mwingine kama huyo duniani, na alikuwa pale nyuma ya kichwa changu, mkubwa, mweupe, ana ushungi wa uzi wa rangi ya machungwa. Nelvine alicheka peke yake kidogo, halafu akasikia yale maneno ya lori la kuni. Akajifunika mdomo kwa mkono. Kantini nzima ikageuka. Hakuna aliyeniangalia mimi. Waliangalia Bonareri. Omariba alikuwa amesimama mlangoni, akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

Umeniuliza Bonareri alisemaje alipoachia nyumba. Hakusema lolote, kwa sababu sikumwomba. Alikwenda kuzika kaka yake akaniachia ufunguo nilishe kuku. Nami nikaingiza watu na kamera ndani ya nyumba yake kama mwizi. Sasa umejua.

Jumatatu Omariba alienda kwake, akachukua kitambaa kutoka kwenye kiti, akakigeuza upande wa nyuma, akaangalia vifundo. Akamwuliza kwa upole, "Ni wewe uliyekaa hapa?" Bonareri akasema hapana. "Basi ni nani? Ufunguo ulikuwa na nani?" Akasema hakumbuki.

Anakumbuka, Ogari. Alinipa mwenyewe mkononi. Jioni alikuja tukakaa, tukachambua maharagwe, hakuniuliza hata neno moja. Ningependa angenitukana.

Elmina

Nairobi
Jumatatu, 27 Mei 2024

Mama Mdogo,

Sijui nianzie wapi. Sisi ni wazima. Mtoto anatarajiwa mwezi ujao katikati.

Nimewaandikia wale wenye filamu. Wameshahama, wako milimani huko Amerika Kusini wakirekodi watu wanaochimba bati. Wamejibu kwamba wamesikitika sana na wananiombea. Nimewaambia wamtafutie Bonareri wakili, hawajajibu tena.

Sasa nisikilize, na ukasirike ukitaka. Usiseme kitu. Umebakisha miezi saba. Bonareri hana hatia na wao watachoka, watamhamisha sehemu nyingine na mambo yataisha. Ana nguvu, anaweza kupata kazi popote. Wewe ndiye mama niliyebaki naye. Nikuombe jambo lingine gani? Nyamaza, Mama Mdogo. Nyamaza tu mpaka Desemba, na mimi nitakuja kukuchukua.

Ogari

Kambi ya Tano
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mwanangu Ogari,

Nakusalimu tena kwa jina la Bwana. Salamu kwa Dorine, ambaye kwa hesabu zangu ameshajifungua au amekaribia. Uchungu ukimshika asilale chali, atembee. Magoti yangu hayajambo. Chai imependeza siku hizi, ukiangalia kutoka hapa mlangoni ungesema hakuna mahali pazuri zaidi, na ndivyo wageni wote husema.

Barua yako niliisoma nikaiweka ndani ya Biblia. Sijakasirika. Nilikulea mimi, kwa hivyo najua uoga huo umeutoa kwangu. Miaka miwili nilinyamaza hivyohivyo ulivyoniambia, na mamake Onchiri alikuwa akija hapa kila Krismasi kuuliza kama kuna aliyemwona. Nilikuwa nampa chai.

Hawakuchoka. Wiki iliyopita Bonareri aliamka akakuta kuku wake wote sita mlangoni, shingo zimevunjwa, wamepangwa mstari mmoja kwa ukubwa. Mtu alichukua muda kuwapanga. Halafu Jumatatu Omariba akamletea barua ya ofisi, atoke kwenye nyumba Ijumaa, ambayo ni kesho. Akamwambia asihangaike kutafuta gari. Kampuni itamsaidia kubeba vitu na yeye mwenyewe mpaka barabarani. Akasema lori la kuni litakuja saa nne.

Bonareri aliponiambia hayo, alimwaga chai yote. Nilimwambia, nisamehe. Akasema, "Ungeniomba ningekukubalia, mama. Hiyo tu ndiyo imeniuma." Tulilia kama watoto.

Kwa hivyo nimefanya hivi. Tangu Mei nimekuwa nikifuma. Ulidhani nimekaa tu? Nimefuma jogoo sita wenye mikia miwili, na ushungi wa machungwa. Kumbe kukosea kama Bonareri ni kazi ngumu kuliko kupatia, nilifumua wa kwanza mara nne. Leo nimeomba ruhusa, nikavifua, na saa nane mchana nikavianika kwenye kamba mbele ya nyumba yangu, inayotazamana na kibanda cha soja, vyote sita. Wanawake walipita na vikapu, wakaona, wakainamisha vichwa. Saa kumi akaja Omariba. Alivishika kimoja kimoja, akavigeuza nyuma. Nikamwambia, "Ufunguo ulikuwa na mimi. Mtu wa vitambaa ni mimi, na maneno ni yangu." Hakuonyesha hasira hata kidogo. Akasema, "Basi, Mama Elmina, lori litapitia hapa kwako." Akanisaidia hata kuokota kibanio kilichoanguka.

Bonareri anaondoka sasa hivi na pikapu ya maziwa, mpaka kwa Chemutai, Bomet. Chemutai ameshakubali. Bonareri ndiye anayebeba barua hii. Ameshika mkono wangu anataka twende wote, na wewe najua ungetaka hivyo. Lakini tukiondoka wote watatufuata mpaka kwa mama mkwe wako, mwenye boma lisilo na hata mbwa. Wakinikuta hapa hawatatafuta mtu mwingine.

Tena nina kazi asubuhi. Kesho saa kumi na mbili na nusu tunaitwa majina kabla ya kuingia shambani, watu mia tatu na zaidi. Nikiitwa nitaitika, halafu sitanyamaza. Nitasema yote, Onchiri, lori, gambuti, njia waliyoshika. Nitaanza tu vile nilivyozoea, maana lile jina mlilolikata nalipenda.

Naogopa, mwana. Nisikudanganye. Lakini nimelala vizuri siku tatu hizi, na sijalala hivyo tangu mwaka juzi.

Mama yako,
Elmina

Nairobi
Jumapili, 14 Julai 2024

Mama Mdogo,

Nakuandikia kwa sababu uliniambia niandike. Sijui pa kuituma. Ile niliyotuma tarehe mosi imerudi, imeandikwa juu yake kwamba mwenyewe hayupo.

Barua yako Chemutai aliileta kwa mkono, akiwa na Bonareri. Nilikuja siku ileile. Langoni soja alinizuia. Nelvine akanifuata barabarani, akanisimulia akiwa anaangalia nyuma kila mara. Alisema uliitwa jina, ukaitika, ukasema, "Bwana asifiwe, kwa majina naitwa Elmina." Alisema ulisema mpaka mwisho na hakuna aliyethubutu kukukatiza, na kwamba hata karani aliacha kuandika. Halafu mlienda shambani kama kawaida. Saa nne alitumwa mtu wa kukuita.

Nilienda polisi, nikaandikisha. Waliniuliza kama una akili timamu. Juzi ofisi ya kampuni imenipigia simu, mwanamke mwenye sauti nzuri. Anasema uliacha kazi kwa hiari. Anasema kuna watu wamekuona Mulot, unauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara.

Mama Mdogo, wewe hujawahi kufika Mulot. Nimeenda. Nimetembea soko lote na picha yako, ile ya harusi yangu unayocheka na kofia imekukaa upande. Nimeuliza duka kwa duka. Kesho naenda tena, na Jumanne nina miadi na wakili, na jana nimekaa mbele ya kamera uso wazi, nimesema jina langu na lako na kile nilichofanya. Bonareri aliketi kando yangu. Hakuna kilichofichwa.

Dorine alijifungua msichana, Jumapili tarehe ishirini na tatu Juni. Ana mikono mirefu. Amekaa wiki tatu bila jina. Majirani wanauliza, kliniki wanauliza, na jana Chemutai, kwa mapenzi yake mema tu, akasema tumwite Elmina.

Nilipiga meza mpaka mtoto akaamka akalia. Nikamwambia jina hilo lina mwenyewe. Nikasema hakuna atakayelitaja juu ya mtoto huyu ndani ya nyumba yangu, hata kwa utani. Chemutai alichukua mtoto, akamfunika na kile kitambaa cha jogoo alichotoka nacho Bonareri, akaenda kumbembeleza dirishani.

Kwa hivyo bado hana jina. Njoo umchagulie.

Mwanao,
Ogari